Pilipili za marehemu baba yake na tumbo la rafiki yetu

BARUA

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia kutoka Jaipur, India. Kazi ya madini ndiyo iliyonirudisha huku. Tanzanaiti nyingi ya kwetu hukatwa na kung'arishwa katika mji huu, nami nahangaika na mawe hayo kati ya Mererani na Johari Bazaar, soko la vito la hapa. Lakini Jaipur niliijua kabla ya kazi. Nilisoma hapa kuanzia 2004 hadi 2007, tukapanga vyumba viwili Malviya Nagar, vijana wanne. Wenzangu nitawaita kwa miji yao ili wasijulikane: Mombasa, Tabora na Jodhpur. Huyu wa mwisho ndiye mwenyeji, Mrajputi, wa jamii ya wapiganaji wa zamani wa jimbo hili la Rajasthan, na ndiye aliyetufundisha kupika laal maas.

Kwa wasioijua, laal maas maana yake ni nyama nyekundu. Ni mchuzi mzito wa nyama inayoiva taratibu kwa mtindi, kitunguu saumu kingi na pilipili kavu za Mathania, kijiji cha kaskazini mwa Jodhpur. Na huku ukisema *mutton*, muuza nyama anakukatia mbuzi. Kila hela za nyumbani zikifika tulinunua kilo moja yenye mifupa, tukaloweka pilipili kumi na tano za Mathania, na kwa sababu hizo ni ghali na tulitaka moto, tuliongeza vijiko viwili vya chakula vya unga wa pilipili wa dukani. Nyama tuliichukua kwenye bucha la Waislamu, maana Mombasa hali isiyochinjwa kihalali. Nyumba nyingi za Kirajputi hula ya jhatka, ya mnyama aliyekatwa shingo kwa pigo moja, lakini Jodhpur hakuwahi kulisema hilo. Tulikula sinia moja, sote wanne, makamasi yanatutoka. Mombasa ndiye aliyekuwa akimalizia mafuta mekundu ya chini kwa kipande cha mkate, ndiyo maana tukampa jina la Simba wa Pilipili. Mpaka leo kwenye simu namba yake nimeiandika hivyo.

Sasa tunakutana tena, mara ya kwanza tangu 2007. Ni Jumamosi moja ya Januari, kwangu, na wote wamesema wazi wanachotaka kula.

Wiki tatu zilizopita Mombasa alinitumia ujumbe wa sauti, usiku, peke yangu. Amepimwa kwa kamera na kukutwa na vidonda vya tumbo. Amepewa dawa, ameambiwa aache pilipili. Akasema, "Usiwaambie wale. Wewe fanya utakavyofanya, ila usiwaambie." Nilimwitikia.

Siku nne baadaye Jodhpur akapiga. Baba yake alifariki mwaka jana, na alikuwa akilima pilipili Mathania. Amehifadhi mfuko wa mavuno ya mwisho aliyoyaanika mzee kwa mkono wake, anakuja nao. Akaniambia nisipunguze hata moja, laal maas isiyowasha hakuna. Nilimwitikia na yeye.

Tabora nilimgusia tu kwamba labda safari hii tupike kiutu uzima. Akacheka: "Usitulishe chakula cha wodini."

Jumapili iliyopita nilijaribu sufuria moja kwa siri. Nilitia pilipili tano tu, nikaongeza nyanya nne ili rangi irudi, nikamimina mtindi moja kwa moja kutoka kwenye friji. Ukakatika wote, ukawa chenga nyeupe zinazoelea kwenye maji ya rangi ya chungwa. Nyama ilikuwa na ukakasi wa nyanya. Mtoto wa jirani angejua hii si laal maas, sembuse Jodhpur.

Nikipika ya zamani, namuumiza mmoja. Nikipunguza kimyakimya, namdanganya mwingine, tena kwenye kitu cha marehemu baba yake. Nikipika vyungu viwili, Simba wa Pilipili akipakua cha upole siri imetoka bila mimi kufungua mdomo. Nikisema, nimevunja ahadi. Nifanye nini, shangazi?

*Mpishi wa Jaipur*

JIBU

Marahaba mwanangu.

Umewaitikia watu wawili maneno yasiyokaa pamoja, na sasa unataka chungu kiyapatanishe. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla hatujafika kwenye ahadi naomba tukae kwanza kwenye sufuria yenu ya 2004, kwa sababu ndani yake kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita.

Umesema pilipili kumi na tano za Mathania, *na* vijiko viwili vya unga wa dukani. Sasa jiulize ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kikiwatoa makamasi. Pilipili ya Mathania inasifiwa kwa wekundu wake na harufu yake. Ukali wake ni wa wastani. Unga mwekundu wa madukani mara nyingi husagwa pamoja na mbegu na nyuzi zake, na hutokana na pilipili kali za kila aina. Vijiko viwili kwa kilo moja ya nyama ni vingi. Nadhani moto mnaoukumbuka, ule uliompa mwenzenu jina la simba, ulitoka kwenye pakiti ya dukani zaidi ya kutoka shambani kwa mzee. Naweza kuwa nimekosea, kwa kuwa pilipili hubadilika na ardhi na ukame, na jina la Mathania sokoni hubandikwa hata zisizotoka huko. Ila za safari hii unajua zimetoka wapi.

Ndiyo maana nasita unapoandika kwamba kupunguza ukali ni kumdanganya Jodhpur kwenye kitu cha baba yake. Yeye amekuomba usipunguze hata moja ya zile anazoleta. Za mzee zikiingia zote, umetimiza. Unga ni wenu nyinyi, wa siku za njaa na ujana. Sisemi hilo limemaliza kazi, kwa sababu Mathania ishirini na mbili, ambazo ndizo zinazolingana na kilo moja na nusu ya nyama nitakayokupimia hapa chini kwa kipimo chenu, bado zinawasha, na kwa tumbo lenye kidonda hata wastani unaweza kuwa mwingi. Amesema pia laal maas isiyowasha hakuna, hapo nitarudi.

Jambo la pili ulilolipita ni bucha. Kijana wa Kirajputi alikula nyama ya halali miaka mitatu, sinia moja nanyi, na hakufungua mdomo. Chakula chake mwenyewe kilikuwa kimeshasogezwa ili mwenzake apate kukaa. Tena chakula hicho kilishasogezwa hata kabla yenu. Wapishi wa Kirajputi waliipika laal maas kwa nyama ya mawindo, nguruwe mwitu na paa, na ukali ulisaidia kuzima harufu ya porini. Sheria ya India ya kulinda wanyamapori ya 1972 ilipobana uwindaji, mbuzi akabaki peke yake chunguni. Pilipili yenyewe ilifika India na Wareno karne ya 16, ikitoka Amerika. Kwa hiyo anaposema laal maas ni hii na si nyingine, ana haki ya kuipenda alivyoikuta kwao, lakini usiipokee kauli hiyo kama vile ukigusa kitu utakuwa umebomoa msikiti.

Sasa Mombasa. Soma tena ujumbe wake: "Wewe fanya utakavyofanya, ila usiwaambie." Hakukuomba upike ya upole. Amekukabidhi mzigo akaondoka. Je, anataka umlinde, au anataka ajue tu kwamba kuna mmoja mezani anayejua? Hayo ni maombi mawili tofauti na hujamuuliza ni lipi. Mimi ningetaka kumsikia kabla sijawasha jiko, tena kwa kumpigia, maana kwenye ujumbe wa sauti mtu hukimbia.

Ukimpigia, muulize na mambo ya tumbo lenyewe, kwa sababu hapo watu wengi huchanganya. Vidonda vya tumbo kwa kawaida havisababishwi na pilipili. Vingi hutokana na bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*, na vingine na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zinazomezwa mara kwa mara. Wanasayansi Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel 2005 kwa kumgundua bakteria huyo na kazi yake tumboni. Pilipili huja baadaye: kidonda kikiwa bado kibichi, inaweza kukiamsha, mtu akaungua, akakosa usingizi. Kwa hiyo mwulize: dozi ameimaliza? Amerudi kupimwa kama bakteria ameondoka? Daktari alisema asiguse pilipili wakati wa matibabu, au maisha? Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliye katikati ya dawa na mtu aliyepona mwezi uliopita, na si wewe wala mimi wa kukisia. Akikutajia choo cheusi kama lami, au kutapika damu, acha habari ya mchuzi, mwambie aende hospitali siku hiyohiyo.

Basi tuseme bado hatakiwi kuwashwa. Una njia kadhaa, na kila moja ina mahali inapochoma.

Ya kwanza ni chungu kimoja chenye pilipili za mzee zote, zikiwa zimesafishwa. Ukali wa pilipili haukai kwenye ganda jekundu. Unakaa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Kata kikonyo, pasua pilipili kwa urefu, kung'uta mbegu, kisha kwangua nyuzi nyeupe kwa ncha ya kijiko. Vaa glavu, au paka mikono mafuta, na usijiguse jicho mpaka kesho yake. Loweka maganda kwenye maji ya moto nusu saa, saga laini, chuja kwa chujio la chai ili vipande vya ganda visibaki. Utashangaa rangi ilivyo. Hapo ndipo sufuria yako ya Jumapili ilipokwama: ulipunguza pilipili, na rangi ikaondoka nazo, ukaenda kuitafuta kwenye nyanya. Laal maas ya asili haina nyanya. Nyanya inaleta uchachu juu ya uchachu wa mtindi, na mtu mwenye kiungulia uchachu huo nao utamsumbua. Ukiona wekundu haujatosha, pilipili za Kashmir tatu au nne zilizosafishwa vivyo hivyo zina rangi nyingi na ukali mdogo.

Inapochoma njia hii ni kwamba Jodhpur ataonja. Mtu aliyekulia Mathania ataijua laal maas iliyotolewa meno. Ukimwambia ulizisafisha, atauliza kwa nini. Usipomwambia, utakaa mezani usiku mzima na jibu limekukwama kooni.

Ya pili ni hiyohiyo, lakini moto unapikwa kando. Weka vijiko vinne vya samli kwenye kikaango kidogo, samli ikipata moto utie punje sita za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba, zianze tu kubadilika rangi, utoe kikaango jikoni, ndipo utie pilipili kali sita au nane zilizovunjwavunjwa. Ukizitia kikaango kikiwa juu ya moto zinaungua kwa nukta chache, zinakuwa nyeusi na chungu, na nyumba nzima mnakohoa. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo samli hiyo inaubeba wote. Na wewe umesema mnakula sinia moja. Vizuri. Adabu ya sinia unaijua, kila mtu hula mbele yake. Anayetaka moto anamwagiwa upande wake. Mombasa upande wake ubaki mtupu, na katika kelele za watu wanne wasioonana kwa karibu miaka ishirini huenda asiwepo wa kuangalia. Au atakuwepo, maana simba asipokunywa maji watu huuliza ana nini. Na Jodhpur anaweza kusema moto huu umekaa juu ya nyama, haukuingia ndani. Atakuwa amesema kweli.

Ya tatu ni vyungu viwili, lakini si vile unavyoviogopa. Rajasthan hiyohiyo ina safed maas, nyama nyeupe, nayo ni ya jikoni kwa wakubwa. Kwa kilo moja ya mbuzi, chemsha nyama dakika tano, mwaga maji ili damu isichafue weupe. Vitunguu vinachemshwa na kusagwa, havikaangwi hadi kahawia. Unatia mtindi gramu mia mbili, lozi ishirini na korosho ishirini zilizomenywa na kusagwa, tangawizi, iliki, pilipili manga nyeupe kidogo sana, na maziwa mazito mwishoni. Nyekundu na nyeupe zikikaa pamoja hakuna atakayeuliza kwa nini, ni karamu. Tatizo ni kwamba safed maas ni nzito kwa mafuta, na chakula cha mafuta mengi usiku nacho humsumbua mwenye kiungulia. Upole wa ulimi si upole wa tumbo. Ndivyo ilivyo hata kwa mtindi wa maji mtakaoshushia: maziwa huuosha ukali mdomoni kuliko maji, kwa kuwa protini yake inaunasa, lakini mtu asinywe glasi mbili akadhani ameziba kidonda.

Ya nne ni kupika ile ya zamani na kumwachia Mombasa mwenyewe. Usiidharau. Ni mtu mzima, amekuambia ufanye utakavyofanya. Lakini ninyi nyote mnajua atakachofanya: ataona aibu, ataingiza mkono, atamaliza mafuta ya chini kwa mkate kama zamani, na mafuta hayo ndiyo makali kuliko kitu chochote kwenye sinia.

Na ya tano haihusu jiko. Ni yeye kusema mwenyewe, au kukuruhusu useme. Unaweza kumfungulia mlango bila kumsukuma. Mwambie ulivyoniambia mimi: kwamba Jodhpur analeta pilipili za marehemu, na umekwama. Huenda hajui habari ya mfuko huo. Mtu anayeona haya kusema "ninaumwa" mbele ya utani anaweza asione haya kabisa mbele ya rafiki aliyefiwa. Au anaweza kusema hapana, nawe utabaki na siri yako na njia nne za juu. Hatari ya njia hii ni kwamba ukiirudia mara ya pili na ya tatu inakuwa shinikizo. Sema mara moja.

Kuhusu Tabora usijisumbue. Wodini hawapiki kwa samli.

Sasa, njia yoyote utakayoshika, mchuzi wenyewe usiharibike tena. Kwa kilo moja na nusu, chukua bega na paja, na mifupa yake, vipande vya ukubwa wa yai. Usichukue nyama tupu, kwa sababu uzito wa mchuzi huu unatoka kwenye mifupa na mishipa inayoyeyuka polepole. Pasha samli gramu mia na hamsini, tia iliki nyeusi tatu, iliki kijani tano, karafuu sita, vijiti viwili vya mdalasini na kijiko cha chai cha binzari nyembamba. Vitunguu maji vinne vilivyokatwa nyembamba vikaange moto wa kati mpaka viwe kahawia, dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukiharakisha hapa mchuzi utakuwa na ladha ya kitunguu kibichi. Tia nyama na chumvi, ikaange mpaka maji yake yakauke na ianze kushika chini. Kisha vitunguu saumu viwili vizima vilivyotwangwa, dakika mbili tu.

Mtindi, gramu mia tatu, utoe kwenye friji saa moja kabla. Usiwe uliochacha sana. Upige mpaka uwe laini, uchanganye na rojo la pilipili, kijiko cha chakula cha giligilani ya unga na nusu kijiko cha chai cha manjano. Ondoa sufuria motoni. Ndipo uanze kuutia kijiko kwa kijiko huku unakoroga, urudishe moto mdogo, uendelee kukoroga hadi uchemke. Wako ulikatika kwa sababu ulikuwa baridi, uliingia wote kwa mpigo, na asidi ya nyanya ilikuwa tayari inauvizia. Ukishachemka salama, hauna ujanja tena. Ukaange mpaka mafuta mekundu yajitenge pembeni, kama dakika ishirini na tano.

Tia vikombe vinne vya maji ya moto, kamwe si ya baridi. Funika, moto mdogo kabisa, saa mbili. Mbuzi mzee atataka hata tatu. Mchuzi uwe unatetema tu, kiputo kimoja hapa, kimoja pale. Sufuria ya presha itakupa nyama laini kwa dakika thelathini, lakini mchuzi unakuwa mwepesi na nyama ya nje inaachana na mfupa kabla ya ndani kukolea. Na usidhani kupika sana kunapunguza ukali. Haukauki wala hauishi. Ukitaka kuupunguza mwishoni, acha chungu kitulie robo saa, kisha chota mafuta mekundu ya juu uyaweke kwenye bakuli. Hapo umetoa ukali mwingi kuliko viazi vyote ambavyo watu hutumbukiza wakidhani vinaufyonza. Bakuli hilo, kwa njia, linaweza kuwa ndiyo ile samli ya pembeni, na ukali wake utakuwa umepita ndani ya nyama kweli.

Moshi uache mwisho. Bakuli dogo la chuma katikati ya chungu, kaa moja la moto, karafuu mbili, kijiko cha chai cha samli juu yake, funika dakika tano. Zikifika kumi na tano mchuzi utakuwa unanuka jiko la kuni lililozimwa kwa maji.

Kwa Januari ya Jaipur mikate ya uwele ndiyo yenyewe. Kuleni mapema, saa moja ya jioni au mbili, ili Mombasa apate saa tatu za kukaa wima kabla ya kulala. Hilo nalo halihitaji maelezo kwa mtu, mna mengi ya kuongea.

Nilisema nitarudi kwa Jodhpur na neno lake la laal maas isiyowasha. Kumbuka alilisema akiwa na mfuko wa mzee mkononi. Sijui kama alikuwa anazungumzia ukali. Akifika, usimpokee mfuko ukaupeleka jikoni peke yako. Loweka pilipili moja mbele yake, isagwe na kijiko cha mtindi, muionje pamoja, ndipo mtajua ina moto kiasi gani. Kisha muulize kitu ambacho nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza kule Malviya Nagar: nyumbani kwao, kwa chungu cha kilo moja, mzee alikuwa akitia ngapi, na mbegu alikuwa akizifanya nini.

*Shangazi*